Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utalii wa pwani ya Tanga: tuandikiane kabla lami haijafika

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Maliasili na Utalii na wa Mifugo na Uvuvi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, wakurugenzi wa halmashauri za Jiji la Tanga, Muheza na Pangani, na wasimamizi wa hifadhi za bahari.

YAH: MGAWO NA NAFASI YA VIJIJI KATIKA UTALII WA PWANI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Kigombe, pwani ya Wilaya ya Muheza. Baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife (wavu mkubwa wa kuvulia papa), mama yangu analima mwani, na mimi naongoza wageni: magofu ya Tongoni, Mapango ya Amboni, mji wa zamani wa Pangani, na kisiwa cha Maziwe bahari ikiruhusu. Ombi langu halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Nataka sheria iliyopo isomwe, ifuatwe, na ifuatwe sasa, barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Tanga ikiwa bado inajengwa.

Sheria ninayoisema ni ile ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Inapotaja madhumuni ya hifadhi ya bahari, inaeleza kwamba vijiji na wakazi wanaoitegemea bahari hiyo washirikishwe katika hatua zote za kuipanga, kuiendeleza na kuisimamia. Wapate mgawo wa faida yake. Na wapewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali na katika nafasi za kiuchumi zinazoletwa na hifadhi. Tena mambo hayo yamewekwa kwenye madhumuni yenyewe ya hifadhi, pamoja na kulinda viumbe. Kijiji kisipopata mgawo, basi hifadhi haijatimiza kilichoifanya ianzishwe, hata matumbawe yakiwa mazima.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Inaanzia kaskazini mwa mdomo wa Mto Pangani, inapita Kigombe, Tongoni na mbele ya jiji, na eneo lake ni kilomita za mraba 552. Nani aliyeileta? Wavuvi wa jarife. Dunia nzima iliamini silikanti, samaki wa kale sana, ametoweka pamoja na madinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro, kisiwani Nzwani, mwaka 1952, baada ya mwanasayansi J.L.B. Smith kusambaza matangazo ya zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Kwetu walianza kunaswa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye majarife yanayotegwa maji ya kina. Wazee wa hapa wanaweza kukueleza alivyo bila kutazama picha: rangi ya bluu iliyofifia yenye mabaka meupe, magamba mazito kama vigae, mapezi yenye minofu kana kwamba alikuwa anataka kutembea, na nyama yenye mafuta mengi ambayo ukiila tumbo linakuendesha. Hakuwa samaki wa kuuza. Walimleta pwani kwa sababu hawajawahi kuona mfano wake, na kwa kumleta wakawapa wataalamu sababu ya kuja Tanga.

Jambo moja wageni wengi hawalijui wanapofika: silikanti hawatamwona. Anakaa kwenye mapango ya chini, kina ambacho mpiga mbizi wa kawaida hafiki. Hifadhi ina jina la samaki asiyeonekana. Basi mgeni aone nini? Ataona matumbawe ya maji mafupi, yale yaliyosalimika na baruti. Ataona wanawake wakifunga mwani kwenye kamba maji yakipwa, ngalawa zikirudi na upepo wa kusi, mikoko, magofu. Zaidi ya vyote atasikia habari za samaki huyo kutoka kwa watu waliomshika kwa mikono yao. Karibu kila kinachomfanya mgeni afurahie safari hii kiko mikononi mwa wanakijiji. Ndiyo maana naona uzito kueleza jinsi ziara inavyokwenda kwa kawaida.

Gari linatoka hotelini mjini, au limetoka mbali zaidi, Moshi au Arusha. Ndani mna mwongozaji, maboksi ya chakula cha mchana na katoni ya maji. Wageni wanashuka, wanapiga picha, wanaambiwa maneno machache, wanakula kwenye kivuli cha mwembe wetu, wanaondoka. Mama anayekaanga samaki hatua chache kutoka hapo hajauza hata kipande. Nahodha mwenye mashua nzuri hajaulizwa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kila mwamba wa hapo anatazama gari likigeuza. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu mgeni amekuja, amelipa kila alichotakiwa kulipa, na mwenyeji hajapona kitu. Mgeni simlaumu. Wengi wao wakijua, wanasikitika, na huuliza wangewezaje kununua kitu kijijini.

Niliwahi kwenda katika ofisi moja kuuliza kiingilio kinachokusanywa kwa ajili ya eneo letu ni kiasi gani, na fungu la kijiji ni lipi. Niliambiwa niandike barua. Nikaandika. Nilipofuatilia nikaelekezwa ofisi nyingine, na huko nikaambiwa taarifa hizo ziko kule nilikotoka. Sisemi kuna mtu amekula fedha. Sina ushahidi huo na sitaki kumsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba mwanakijiji hawezi kuujua mgawo wake kwa sababu hakuna mahali umeandikwa akausoma.

Ruhusuni niwapeleke Komoro kidogo, kwa kuwa ni jirani zetu wa bahari na wana samaki yuleyule. Wao ni nchi ya visiwa, wala si matajiri, na silikanti wamemfanya nembo yao hadi timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2001 walianzisha hifadhi ya bahari kisiwani Mwali kwa makubaliano ya maandishi na vijiji kumi. Kila kijiji kilijua kinalinda nini na kinapata nini. Wageni wakajengewa vibanda vya kulala vilivyo mikononi mwa jumuiya za vijiji. Katika kijiji cha Itsamia, wanakotaga kasa, wenyeji ndio walinzi wa ufukwe, na mgeni anayetaka kumwona kasa akipanda usiku anapokelewa na jumuiya ya kijiji. Mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kisiwa hicho kuwa hifadhi hai, mahali ambapo binadamu na mazingira hutunzwa pamoja. Hayakuwa mepesi: fedha za wafadhili wa mwanzo zilipokwisha, hifadhi iliyumba miaka kadhaa. Vijiji vilivyokuwa na jumuiya zao viliendelea kulinda hata mishahara ilipokosekana, maana kasa walikuwa wamekwisha kuwa riziki yao na fahari yao.

Sisi wenyewe tumewahi kupita njia hiyo. Mwaka 1994 ilianza Programu ya Hifadhi na Maendeleo ya Pwani ya Tanga, na vijiji vilikaa na wataalamu, vikakubaliana miamba ipi ifungwe ipumzike na nani alinde. Wazee waliokuwa kwenye kamati zile bado wapo. Wanakumbuka majina ya miamba yote iliyofungwa. Programu ilipokwisha, mambo mengi yaliyotegemea mradi yalikwenda na mradi. Hapo ndipo ninaposhikilia kwamba mgawo utoke kwenye kiingilio na tozo za kila siku, uwe mdogo lakini wa kudumu. Semina zenye posho tumeshaziona.

Na kuna mfano wa hapa hapa nchini. Kisiwa cha Chumbe, Unguja, kimelindwa tangu miaka ya 1990 kwa fedha za wageni wanaolala pale. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa eneo lile lile, wakafundishwa kazi, na watoto wa shule wanapelekwa kujifunza kwenye matumbawe. Mvuvi hakufukuzwa baharini akabaki kutazama kwa mbali. Alipewa kazi inayomfaa zaidi ya mtu yeyote.

Sasa Maziwe. Kisiwa hiki cha mchanga mbele ya Pangani kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya miti ile. Miti imekwisha. Siku hizi ni fungu tu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, lakini kasa bado wanakuja, maana kasa hurudi alikozaliwa. Mayai yakiachwa pale, bamvua linayafunika na yote yanakufa. Kwa hiyo watu wa kijiji cha Ushongo, pwani ya Pangani, huyahamisha. Nimeikaribia kazi hiyo na ningependa kila mmoja wenu aione. Lazima ifanywe mapema, saa chache baada ya kasa kutaga, kwa sababu baadaye yai likigeuzwa kiumbe ndani hufa. Mtu anapiga magoti, anachimba kwa mikono, polepole, mpaka ncha za vidole ziguse kitu laini. Anatoa yai moja moja, bila kuligeuza, analilaza ndooni juu ya mchanga uleule wa kisiwani. Yanaweza kupita mia. Ndoo inapakatwa kwenye mashua isitikisike. Ng'ambo, ufukweni Ushongo, linachimbwa shimo lenye umbo na kina kama alichochimba kasa mwenyewe, mayai yanarudishwa, yanafukiwa, na tarehe inaandikwa kwenye kibao. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vinatoka, na wageni hulipa kushuhudia vikikimbilia maji.

Mwenye vidole vile ana ujuzi ambao hamtaupata kwa tenda. Kama kuna mahali mgawo wa utalii unapaswa kuonekana waziwazi, ni kwenye mfuko wa mtu huyo na kwenye shule ya kijiji chake. Pia kuna wavuvi waliokubali kuacha kutega nyavu mahali kasa wanapopita. Hao nao wamelipa gharama, tena kila siku, kwa samaki wasiowavua.

Upande wa utamaduni nina machache, ila nayaona mazito. Tongoni ina msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, baadhi yake ya nguzo, na ukikaribia nguzo zilizobaki utaona vishimo vya duara vilivyochongwa kwenye chokaa. Ndimo yalimokuwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Yamebanduliwa siku nyingi. Mgeni anapoletwa na mwongozaji asiyejua eneo, husimuliwa zaidi habari za Vasco da Gama, kwamba Januari 1499 aliichoma meli yake São Rafael karibu na pwani hii kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuziendesha meli zote. Ni kweli, na ni habari nzuri. Ila mji wa Mtangata, jina la kale la Tongoni, ulikuwepo kabla yake, ukiwa na msikiti na wafanyabiashara waliomudu kaure ya Uchina kwa ajili ya makaburi yao. Vijana wa Tongoni waliokua kando ya makaburi hayo wanastahili kufundishwa, wapewe leseni ya kuongoza wageni katika eneo lao kwa ada wanayoimudu, na mgeni asiingie bila mmoja wao.

Amboni nako kuna watu wanaokwenda mapangoni kuomba. Utakuta chupa za marashi, ubani, sarafu. Hata asiyekubaliana na ibada hiyo ajue kwamba hapo mtu ameacha shida yake ya moyoni. Nimeona wageni wakiachwa washike vitu hivyo, wavigeuze, wapige picha. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ndio waliokabidhiwa kusimamia mapango haya, na nawaomba wakae na wenyeji waweke utaratibu: sehemu ipi inapigwa picha, ipi hapana, na mtu akiwa anaomba wageni wasubiri nje.

Nimetaja barabara mwanzoni. Ile ya Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani hadi Tanga, kilomita 256 kwa jumla, pamoja na daraja la Mto Pangani, tumeililia miaka mingi na tunaishukuru serikali kwa kuijenga. Itakapokamilika, mgeni ataamka Dar es Salaam, atapita magofu ya Kaole na mji mkongwe wa Bagamoyo, ataingia Saadani ambako wanyama wa porini wanakutana na Bahari ya Hindi, na atafika kwetu bila kuzungukia Chalinze na Segera. Wageni wataongezeka, hilo halina shaka. Na wanaotaka ardhi ya ufukweni wameshaanza kuja. Wanakuja kwa upole, wanazungumza na mtu mmoja mmoja, hasa wenye shida ya ada au ya hospitali, na shamba la minazi la babu linauzwa kwa bei ambayo haiwezi kununua kiwanja Tanga mjini.

Hapo pia sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inazuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini mita 60 hazijipimi zenyewe. Tunaomba maofisa ardhi wa wilaya waje kabla ya wanunuzi, waweke alama za mpaka huo tangu Mwambani hadi Ushongo na kuendelea, zionekane kwa macho, na waainishe njia za kwenda baharini ambazo hakuna mwekezaji atakayezifunga kwa ukuta. Mwanamke wa mwani anapita njia hizo na kamba zake kichwani. Akifungiwa njia, amefungiwa kazi.

Msinielewe kwamba nakataa hoteli. Hoteli nzuri inaajiri, inanunua samaki, inalipa kodi. Naomba tu kibali chake kiandikwe itaajiri wangapi kutoka kijijini, itanunua nini kwetu, na itatoa maji yake wapi, kwa sababu visima vya pwani vina maji baridi machache juu ya maji ya chumvi, na hoteli ikivuta kwa pampu kubwa kisima cha jirani kinaanza kuwa na ladha ya bahari. Nazo familia zinazotaka kupokea wageni wawili watatu majumbani, wakala wali wa nazi na kulala kwenye kitanda cha mwambao chenye chandarua, zisitakiwe vibali vilevile na ada zilezile kama hoteli ya vyumba 50.

Kuhusu mgawo wenyewe, nimezungumza na wenzangu wa Kigombe na Tongoni, wavuvi, wakulima wa mwani, waongozaji na walimu, na tunachoomba ni hiki. Kiasi kinachokusanywa kutoka kwa wageni katika kila eneo kibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji husika kila robo mwaka. Fungu la kijiji litajwe kwa asilimia, kwenye kanuni au kwenye mkataba uliosainiwa, lisibaki kuwa hisani ya msimamizi aliyepo. Lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato mengine, na kijiji kiamue lifanye nini. Kamati za ulinzi wa bahari, zile ambazo vijana wake wanakesha kulinda dhidi ya baruti na nyavu haramu, zipate mafuta ya boti kutoka humo kabla ya jambo lingine lolote.

Asilimia ngapi? Sitaitaja hapa, kwa sababu hilo ndilo la kukaa na kuzungumza, na vijiji vije mezani vikiwa na hesabu zilezile mlizonazo ninyi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na wageni wenye cheo wanakaribishwa. Naomba majibu ya barua hii yasitumwe kwangu. Yaleteni Kigombe, kwenye mkutano, chini ya mti au shuleni kama mvua inanyesha, na mje na takwimu za mapato ya mwaka uliopita. Mwenyekiti wa kijiji atawatangazia siku. Chai na samaki tutaandaa sisi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongozaji wa wageni, mkazi wa Kigombe
Muheza, Tanga